Lubumbashi–Kinshasa saa 1 na dakika 20, kurudi saa 3 na dakika 20: ni upepo, ni dunia, au ni nini?

#1 Mwana_Luano
Salamu kwenu wote. Nina tiketi mbili mezani, nimezisoma mara nne.

Kwenda: kuondoka Lubumbashi (uwanja wa Luano) 10:00, kufika Kinshasa (uwanja wa N'djili) 11:20.
Kurudi: kuondoka Kinshasa 14:00, kufika Lubumbashi 17:20.

Kampuni ileile, ndege ileile ya Boeing 737, hakuna eskale popote. Kazini tumebishana mpaka bukari (ugali) ikapoa. Mmoja anasema ni upepo. Mwingine anasema dunia inazunguka. Wa tatu anasema Kinshasa iko bondeni na Lubumbashi iko juu, kwa hiyo kwenda ni mteremko na kurudi ni mlima. Mwenye kujua atuambie: kati ya miji hii miwili ni kilomita ngapi, na safari ni saa ngapi za kweli?

#2 Kapenta_Moto
Dunia inazunguka kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukiwa hewani unaelekea Kin, Kin nayo inakuja kukupokea. Ukirudi, Lubumbashi inakukimbia. Nilifundishwa hivyo shuleni na sijaona wa kunipinga.

#3 Shabiki_Kamalondo
#2 mimi nakupinga. Helikopta ikipanda juu ya uwanja wa Mazembe ikatulia palepale saa nzima, ikishuka itakuta wapi? Si itakuta palepale Kamalondo?

#4 Mwalimu_Kampemba
Shabiki amejibu vizuri kuliko vitabu vingi. Ngoja niongeze hesabu. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa. Lubumbashi iko kwenye nyuzi 27.5 mashariki. Kama hewa isingezunguka pamoja na ardhi, helikopta yako baada ya saa moja ingeshukia nyuzi 12.5, yaani baharini, mbele kidogo ya pwani ya Angola. Haishukii huko kwa sababu hewa, ndege, ndege wa porini na moshi wa makala vyote vinabebwa na dunia pamoja.

Sasa swali lenyewe. Nchi yetu ya Congo ina saa mbili tofauti. Kinshasa na magharibi wako mbele ya saa ya dunia (ile ya Greenwich) kwa saa 1. Sisi wa Katanga, pamoja na Kasai, Kivu na upande wa Kisangani, tuko mbele kwa saa 2. Tiketi huandika saa ya mahali: kuondoka kwa saa ya huku, kufika kwa saa ya kule. Ukifika Kin 11:20, Lubumbashi ni 12:20. Kwa hiyo umeruka saa 2 na dakika 20. Kurudi, 14:00 ya Kin ni 15:00 ya kwetu, na umefika 17:20. Tena saa 2 na dakika 20. Muda ni mmoja, hakuna aliyekuibia chochote.

#5 Yaya_Bijou
Mwalimu aksanti. Jambo hili lilituumiza nyumbani. Baba yetu mdogo alitoka Kin kuja kwenye kilio, akakaa siku tatu na saa yake ya mkononi ikiwa bado ya Kin. Siku ya kurudi tulimwambia tuondoke nyumbani saa hii, yeye akawa anaangalia mkono wake na kusema bado, bado, acheni ninywe chai. Tulifika Luano kaunta imefungwa. Ndege tuliiona kwa macho, ikiwa imesimama pale, na hatukuweza kufanya kitu. Alilia kweli, maana kazini kwake walikuwa wamempa siku tatu tu. Tangu hapo kila mgeni akitua kwetu, kabla ya kumpa maji ninamuuliza saa yake inasema ngapi.

#6 Kapenta_Moto
Pole Yaya. Na mimi ile ya dunia nimeiacha, Mwalimu kanishinda. Ila simu si zinajibadilisha zenyewe?

#7 Fundi_Mbawa
#6 zinajibadilisha kama umeruhusu na kama mtandao unatuma saa sahihi. Ukiingia kwenye mipangilio ya simu utakuta majina mawili ya nchi yetu, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Mtu aliyechagua Kinshasa kwa mkono, simu haitamsaidia hata akikaa Likasi mwaka mzima. Hilo liangalieni leo.

#8 Mama_Vinkubala
Miye banasemaka kila mara "unakwenda Kin saa moja tu", na miye nauza kule vinkubala (viwavi vya kula), nimeenda na kurudi mara nyingi. Saa moja haijawahi kuwa. Tumbo linajua. Njo vile Mwalimu anasema, ni mbili na kitu.

#9 Dereva_RN1
Na kilomita? Maana kwa barabara, kwa Mwene-Ditu, Kananga, Tshikapa, Kikwit, inapita 2,200. Safari yangu moja ya masika ilinichukua wiki tano, lori limejaa, mchanga wa Kasai unameza magurudumu mpaka kwenye ekseli. Mtu akiniambia saa 2 na dakika 20 namsikiliza kama anayesimulia ndoto.

#10 Mwalimu_Kampemba
#9 heshima yako, dereva. Kwa mstari ulionyooka angani, kutoka Luano hadi N'djili ni kama kilomita 1,550. Ukipima katikati ya mji hadi katikati ya mji ni kama 1,570, ndiyo maana watu wanatoa namba tofauti na wote wanakuwa sawa. Boeing 737 au Airbus A320 ikishatulia juu inakwenda karibu kilomita 830 kwa saa. Gawanya, unapata chini kidogo ya saa mbili. Ongeza kupanda, kushuka, na kutembea uwanjani.

Kuna jambo lilinishangaza nilipolipima kwenye ramani na wanafunzi. Chukua bikari, simamisha ncha Lubumbashi, chora duara la kilomita 1,550 hivi. Kinshasa imo kwenye mstari. Nairobi nayo imo, kama 1,540. Johannesburg inazidi kidogo tu, kama 1,610. Miji mitatu, umbali karibu mmoja, na kila mmoja una saa yake: Johannesburg saa sawa na yetu, Nairobi imetutangulia saa 1, Kin iko nyuma yetu saa 1. Weka safari ya saa 2 na dakika 20 kwa yote mitatu. Tiketi ya Kin itaonyesha kama saa 1 na dakika 20, ya Johannesburg saa 2 na dakika 20, ya Nairobi saa 3 na dakika 20. Darasa lilinyamaza, halafu likapiga makofi. Ni siku niliyoipenda sana katika kazi hii.

#11 Shabiki_Kamalondo
Kwa hiyo dada yangu anayekaa komuni ya Kenya hapa Lubumbashi, kutoka Kenya hadi Kenya ni kilomita 1,540. Nitamwambia leo.

#12 Mama_Vinkubala
#11 mwambie pia Kenya yetu ina soko, aniletee nyanya.

#13 Goma_Lava
Salamu kutoka Goma. Mwalimu, nimepima na mimi kwa kufuata njia yako. Goma hadi Kinshasa kwa mstari ni kama 1,560! Yaani sisi na nyinyi tuko mbali na mji mkuu karibu sawasawa. Goma hadi Lubumbashi yenyewe ni kama 1,110.

Lakini mstari wa ramani si safari. Uwanja wetu ulifungwa mwisho wa Januari 2025. Mimi nilipolazimika kwenda Kin kwa mambo ya masomo ya mtoto, nilipanda gari hadi Kigali, ndege Kigali hadi Addis-Abeba, halafu Addis hadi Kinshasa. Jumlisheni: Kigali–Addis kama 1,550, Addis–Kinshasa karibu 2,990. Zaidi ya kilomita 4,500 angani kwenda mahali palipo 1,560 kutoka mlangoni kwangu. Nilipita juu ya nchi za watu ili nifike kwenye nchi yangu. Siandiki kwa siasa, naandika kwa sababu uzi unauliza umbali, na umbali wetu sisi ndio huo.

#14 Bukavu_Nguba
#13 pole jirani. Na angani nako mistari imepindishwa. Februari 2025 Congo ilifunga anga yake kwa ndege za Rwanda, kwa hiyo zinazotoka Kigali kwenda magharibi ya Afrika au Ulaya zinazunguka. Muda wa safari hauangalii kilomita peke yake, unaangalia nani kakuruhusu kupita.

Na Goma–Bukavu je? Zamani kwa ndege ulikuwa hujamaliza kufunga mkanda wanasema tunashuka. Sasa ni boti tu.

#15 Goma_Lava
Boti tunaipenda lakini, Kivu asubuhi ni nzuri. Kuhusu uwanja wetu, kuna wanaosema zamani ndege kubwa hazikutua Goma kwa sababu ya mlima: mlima wenyewe haukuzuia, lava ndiyo ilizuia. Januari 2002 Nyiragongo ulipolipuka, lava ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, njia ikabaki fupi. Nilikuwa mdogo, nilitembea juu ya jiwe lile likiwa bado na moto chini.

#16 Mzee_wa_Reli
Vijana, mnahesabu dakika. Baba yangu alikuwa kwenye reli ya BCK. Kwenda Kinshasa ilikuwa treni mpaka Ilebo, wakati huo ikiitwa Port-Francqui, halafu unapanda meli kwenye mto Kasai, inakupeleka mpaka mto mkubwa na Léopoldville. Reli ilifika Ilebo mwaka 1910. Baadaye ikaja Air Congo, ikawa Air Zaïre, na hiyo Air Congo ndiyo imerudi sasa.

#17 Mwalimu_Kampemba
Mzee wangu, shikamoo. Kwa ruhusa yako narekebisha mawili. 1910 reli ilifika Lubumbashi, ikitokea kusini. Bukama ilifikiwa 1918. Port-Francqui ni 1928. Na Air Congo ya 1961 iliitwa Air Zaïre kuanzia 1971, ikafa 1995. Hii iliyoanza Desemba 2024 ni kampuni nyingine, jina ndilo limefufuliwa, na Ethiopian Airlines ni mbia wake.

#18 Mzee_wa_Reli
Marahaba mwanangu. 1928, ndiyo, nimekumbuka sasa, baba alisema ilikuwa kabla kidogo ya yeye kuzaliwa. Lakini hili andika: kati ya Ilebo na Kinshasa reli haijajengwa mpaka leo. Karibu miaka mia. Kama ingekuwepo, uzi huu ungezungumza mambo mengine.

#19 Mwana_Luano
Nimerudi. Aksanti Mwalimu, saa mbili za nchi nimeelewa na nimewaeleza wenzangu. Lakini bado kuna kitu. Safari nimeshaifanya, na nilivaa saa ya mkononi ambayo sikuigusa, ilibaki na saa ya Lubumbashi siku zote. Kwenda: saa 2 na dakika 8. Kurudi: saa 2 na dakika 31. Tofauti ya dakika 23, na hapo saa za nchi hazihusiki. Hiyo inatoka wapi?

#20 Kapenta_Moto
Mlima! Lubumbashi iko juu zaidi ya mita 1,200, Kinshasa iko karibu 300. Yule wa kazini kwenu hakuwa mjinga.

#21 Fundi_Mbawa
#20 nusu ya kweli, na ni nusu ndogo. Luano iko kama mita 1,300, N'djili kama 313. Ndege zote mbili zinapanda mpaka mita 10,000 na zaidi. Ikitokea Luano imeshapewa mita 1,000 za bure. Mita hizo 1,000 kwa ndege ya aina ile ni dakika mbili, labda chini. Dakika 23 hazitoki hapo. Tena kuanzia juu kuna gharama yake: hewa ya Lubumbashi ni nyepesi, na mwezi wa kumi jua likiwaka ndege iliyojaa inakimbia mbali zaidi chini kabla ya kunyanyuka.

Swali langu kwa #19: ulianza kuhesabu kuanzia wapi?

#22 Mwana_Luano
Mlango ulipofungwa, nikasimamisha mlango ulipofunguliwa.

#23 Fundi_Mbawa
Basi umepima mambo mawili kwa pamoja: kuruka na kungoja. Nimefanya kazi chini ya mabawa miaka mingi. N'djili ina shughuli kuliko Luano. Unafunga mlango, unangoja gari la kukusukuma, unatembea kwenye lami, unasimama mwingine atue kwanza. Dakika 15 zinaisha magurudumu yakiwa bado chini. Muda wa tiketi unahesabiwa kuanzia maegesho hadi maegesho, na kampuni huongeza nafasi kidogo ili isionekane imechelewa. Pima kuanzia magurudumu kuacha ardhi.

#24 Tshanga_Mawingu
Na mimi nasema upepo msiuzike haraka. Huko juu upepo wa kilomita 50 kwa saa si kitu cha ajabu. Ukiwa nao mgongoni unakwenda 880 kwa ardhi, ukiwa nao usoni 780. Kwa kilomita 1,550 hiyo ni tofauti ya dakika 13 hivi. Ongeza za kungoja za Fundi, umepata 23 zako.

#25 Mwalimu_Kampemba
#24 hesabu yako ni sahihi. Ninachouliza ni upepo wenyewe. Ile mito mikali ya upepo wa juu iko mbali na ikweta, kusini kuelekea Afrika Kusini na kaskazini huko. Juu yetu, kati ya Lubumbashi na Kin, upepo kwa kawaida ni mdogo na unageuka kwa majira. Unaweza kuwa wa dakika 13 siku moja na wa dakika 2 siku nyingine. Alisafiri mwezi gani?

#26 Mwana_Luano
Mwanzo wa mwezi wa pili.

#27 Tshanga_Mawingu
Masika basi! Basi ni mawingu ya radi. Rubani haingii ndani ya yale mawingu meusi yaliyopanda kama mnara, anayazunguka. Huko Kasai nimeona kwa dirisha tukipinda kushoto, halafu kulia, kama tunapita kati ya nyumba. Unaongeza kilomita na hakuna anayekuambia.

#28 Yaya_Bijou
Mimi nina namba pia. Mwezi wa saba nilipima kama Fundi anavyotaka, kuanzia magurudumu kuacha ardhi hadi kugusa. Lubumbashi–Kin saa 2 na dakika 4. Kin–Lubumbashi saa 1 na dakika 56. Yaani mimi KURUDI kulikuwa kufupi. Ni kinyume cha Mwana_Luano.

#29 Shabiki_Kamalondo
Hapo sasa! Mlima umegeuka?

#30 Kapenta_Moto
#29 niache, nimeshakubali.

#31 Fundi_Mbawa
#28 kuna jambo jingine la kuangalia: mlitua upande gani? Ndege hutua ikiukabili upepo wa chini. Siku nyingine inakuja moja kwa moja kutoka njia yake, siku nyingine lazima ipite uwanja, izunguke, irudi. Hizo ni dakika 5 mpaka 8, na hazihusiani na Kasai wala na upepo wa juu.

#32 Mvuvi_wa_Kigoma
Habari za huko ng'ambo. Nasoma tu nikijifunza. Sisi Kigoma tukivuka ziwa kwenda Kalemie tunarudisha saa nyuma, Tanzania imetangulia saa moja. Lakini kinachotutesa zaidi ni maneno. Rafiki yangu wa Kalemie alinipigia akasema boti "saa nne". Mimi nikajua saa nne asubuhi, yaani 10:00 ya tiketi zenu. Kumbe yeye alihesabu kwa Kifaransa, 4:00 alfajiri. Nilifika mwalo ni mtupu. Sasa tunaandikiana tarakimu tu, na tunaongeza "ya Kigoma" au "ya Kalemie".

#33 Bukavu_Nguba
#32 karibu sana. Hata sisi kwa sisi tunachanganyana hivyo, kijijini wanahesabu kuanzia jua kuchomoza, mjini wengi wanahesabu kwa Kifaransa. Ndiyo maana redio inataja saa ya Kinshasa halafu saa ya Lubumbashi. Bibi yangu alidhani hiyo ya Lubumbashi ni ya kwenu peke yenu, kumbe ni ya Bukavu pia.

#34 Mwalimu_Kampemba
Bibi yako asilaumiwe. Na jua lenyewe halifuati mipaka ya mikoa. Kati ya Kin na Lubumbashi ni nyuzi 12 za mashariki-magharibi, kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo kwa jua la Mungu tofauti yetu ni dakika 48 tu. Serikali imetupa 60. Kin jua linakuwa utosini karibu na 12:00 kamili, sisi karibu na 12:10.

#35 Mzee_wa_Reli
Dakika 48. Hiyo nitalala nayo.

#36 Dereva_RN1
Kwa hiyo zile 23 za Mwana_Luano mmeamua ni nini? Nimehesabu: kungoja N'djili, upepo, radi, upande wa kutua, mita 1,000 za kupanda. Watu watatu, majibu matano.

#37 Tshanga_Mawingu
Radi. Mwezi wa pili, sibadilishi.

#38 Fundi_Mbawa
Kungoja. Alipima mlango kwa mlango.

#39 Yaya_Bijou
Na zangu 8 za mwezi wa saba, ambako hakuna mvua na sikuhesabu mlango? Hizo hamjazigusa.

#40 Mwana_Luano
Alhamisi naenda tena. Nitapima mara mbili, mlango na magurudumu, nitaomba kiti cha dirishani nione tunatua upande gani, na kama tunapinda juu ya Kasai nitaandika dakika. Nikirudi Jumapili naweka zote hapa.

#41 Mama_Vinkubala
Alhamisi? Nina kilo tano za vinkubala kavu za mutoto wangu wa Limete. Niambie nikuletee wapi, kwa saa ya hapa.